Tulienda Pole

Jumapili, 18 Januari 2026

Tumetoka kuona twiga. Jua la leo — Eldoret hii hii ya masweta — lilichoma mpaka lami ikanata viatuni. Mimi na miwani yangu myeusi, na kila mtu akadhani ni ya jua. Asante, jua.

Jicho la kushoto bado halifunguki vizuri. Ni la Alhamisi. Nilicheka na dereva wa lori la mbolea pale kwa agrovet yetu, na Felix akaona. Alingoja tufunge duka, akangoja tufike nyumbani, akavua saa yake akaiweka juu ya friji taratibu, ndipo akanipiga. Saa ikivunjika ni hasara. Uso unapona wenyewe.

Leo alikuwa mume wa kwenye kalenda. Kunibebea mkoba, kumpakata mdogo wetu Ronnie, kunichagulia kipande laini cha nyama. Alipotupiga picha aliniambia nigeuke upande wa pili, eti mwanga ni mzuri. Upande mzima, ndiyo maana yake. Ameshaiweka kwenye status yake na watu wa kanisa wanatuma mioyo.

Chebet alimlisha twiga kwa mkono wake. Anasema ulimi ni mweusi na unakwaruza. Tukirudi aliniambia hii ndiyo pole nzuri kuliko zote. Ndivyo anavyoita. Alikuwa mdogo bado, siku Felix aliposimama mlangoni akasema pole, vaeni, tutoke — na mtoto akashika neno. Tangu siku hiyo kwenda matembezi ni pole. Kuna pole ya farasi, pole ya mashua, pole ya msitu wa Kaptagat. Ana hata viatu vya pole. Felix huwa anacheka sana akisikia. Leo nilicheka pia, mbavu zikanikataza.

Jumanne, 20 Januari

Mama Javan, jirani, alinikuta kwa kamba ya nguo akanishika mikono yote miwili. Uso wa msiba kabisa. Aliuliza tumempoteza nani.

Kumbe Chebet alimwambia Jumapili tulienda pole! Alidhani tulikuwa kwa wafiwa. Nikamwambia hakuna aliyekufa, ni maneno ya watoto tu. Aliangalia miwani yangu — asubuhi, na ukungu ule — akasema sawa, Mama Chebet, lakini bado nitakuombea.

Nimemkasirikia mchana kutwa. Sijui kwa nini. Najua.

Jumapili, 1 Februari

Amani. Felix anaimba bafuni. Miwani iko kwa droo na mimi nimeanza kulala usingizi wa watu.

Baada ya kanisa Chebet aliuliza leo ni pole gani. Nikamwambia leo tunapumzika. Alinisogelea, akanishika kidevu, akageuza uso wangu huku na huku kama mtu anayechagua nyanya sokoni. Akapandisha mikono ya sweta langu, akaangalia huko pia.

"Lakini hauna kitu," akasema.

Hakusema kwa furaha. Alisikitika. Ana miaka minane, na alisikitika kwamba sina kitu. Chakula kilinishinda.

Alhamisi, 5 Februari

Kidole kidogo cha mkono wa kushoto kimevunjika. Bahati yangu naandika na wa kulia.

Felix aliingia vizuri tu. Akauliza habari za shule, akavua koti. Chebet alikuwa mezani anachora. Hakuinua kichwa.

"Baba, leo Mama alicheka na mtu wa mbolea."

Uongo. Mtu wa mbolea hakuja leo. Nilimwangalia mtoto wangu, na nikiwa bado namwangalia saa ikaenda juu ya friji.

Alinishika nywele akanibamiza kwa mlango wa friji. Tena. Tena. Trei ya mayai iliyokuwa juu ikaanguka. Saa aliidaka! Aliidaka, akaiweka mfukoni, akaendelea. Nikaanguka juu ya mayai, nikajaribu kuinuka nikateleza, na alipoona nateleza akanipiga teke, mbavu zile zile. Ronnie chini ya meza ameziba masikio. Halafu kiatu juu ya mkono wangu, akageuza kisigino. Kidole nilikisikia kwanza ndipo kikauma. Kisha akaenda kunawa.

Chebet alileta kitambaa na maji. Alinipangusa damu mdomoni, polepole sana, mikono yake midogo haitetemeki. Akanitoa maganda ya mayai kwenye nywele. Halafu akaniinamia sikioni.

"Nimeweka costume kwa bag, yangu na ya Ronnie. Twende ile swimming iko na slide."

Ijumaa, 6 Februari

Nimempiga Chebet.

Felix alikuwa dukani. Nilimuuliza kwa nini alidanganya. Akasema ni kwa sababu pole ilikuwa imekaa sana bila kuja. Hivyo tu. Mkono wangu ulimfikia kabla sijaufikiria. Kofi la shavuni, na ule mlio naujua, ni ule ule. Na kwa nukta moja nilijisikia vizuri. Mungu anisamehe, vizuri kabisa.

Hakulia. Alishika shavu, akaniangalia, akangoja. Kisha akauliza:

"Sasa wewe utanipeleka wapi?"

Nilikaa chini, pale pale sakafuni. Nilipoweza kusimama nilimpigia dada yangu Jepkosgei, mwenye pikapu ya kubebea viazi kutoka Burnt Forest. Nilianza kueleza nikashindwa. Alisema nisieleze, nimwambie tu anisubiri geti gani, siku gani.

Jumapili, 8 Februari

Bwawani. Kelele, klorini, miziki. Felix alilia jana, machozi ya kweli, na leo amemrusha Chebet majini hadi watu wakampigia makofi. Baba kama huyo! Sasa amevaa nguo na saa yake, yuko kwa foleni ya chips. Ronnie amelala mapajani mwangu. Ndani ya begi, chini ya taulo, nimeweka sare za shule za watoto na bahasha ya vyeti vyao vya kuzaliwa. Jepkosgei ametuma ujumbe: yuko nje, injini inawaka.

Naandika ili nionekane nimetulia. Akitazama huku aone mke anaandika.

Nimemwita Chebet. Amekuja anachuruzika maji, na kabla sijamzuia ameingiza mkono kwa begi kutafuta taulo. Ametoka na sare.

Nimesema kesho ni shule. Amejibu uniform hukaa kwa kabati. Amefunua zaidi, ameona ya Ronnie, ameona bahasha. Ameniangalia, akaangalia foleni. Baba yake amempungia mkono.

"Huko tunaenda iko na pole?"

Nimemwambia hapana. Huko hakuna pole. Hata moja.

Amesimama tu na sare mkononi, maji yanadondoka juu yake. Nimemwambia airudishe. Hairudishi. Felix anakuja na trei, anatabasamu, anaita jina langu mbele ya watu — Hulda, soda gani? Sasa ameona sare. Ameona begi. Tabasamu liko pale pale, ila trei ameiweka juu ya meza ya watu wasiomjua.

Chebet ndiye ameona kwanza. Amesema kwa sauti ndogo sana.

"Mama, anatoa saa."

Na amenishika mkono, ule mbaya, ananivuta kuelekea getini —