Ujumbe wa Kumi

Jumanne, 12 Mei 2009

Keji ametapika tena. Daktari wa Kampala alisema mdogo wangu asile ngano, na miezi miwili sasa hajagusa chapati wala mandazi, lakini anazidi kukonda. Naogopa tutampoteza.

Leo nimerudi kwenye kompyuta za kukodi za Abdi, mtaani Malakia. Lile jukwaa la mtandaoni la watu wasiokula ngano lina ngazi zake. Mgeni anasoma tu, mwanachama mpya anaandika ukumbini, na mwanachama kamili pekee ndiye anayeruhusiwa kumwuliza muuguzi wao. Ukitaka ukamili, uwe umeandika jumbe kumi. Nilikuwa na tisa, nyingi za kuwapa pole watu nisiowajua.

"Dada, maliza," Abdi akasema. "Jenereta inakata, na wewe bado unasalimia Wazungu."

Nikatafuta haraka mtu wa kumjibu. Mama mmoja alikuwa ameuliza sisi wengine tunakula nini badala ya mkate. Nikamweleza kisra yetu ya nyumbani, mkate mwembamba kama chapati: unga wa mtama uliochachuka, na konzi moja ya unga wa ngano ili isichanike ikibanduliwa kikaangoni.

Nikatuma. Kisha nikausoma.

Kisanduku cha kumwuliza muuguzi kikafunguka, na sikuwa na swali tena.

Mama yetu huipika kisra hiyo kila asubuhi, na ya kwanza humpa Keji kwa sababu ni mgonjwa. Nitamwambiaje Mama bila kumlaumu...

Namsikia jikoni akifunika unga wa kesho. Naenda sasa.