Tundu Lililozibwa Mitaboni

Machakos mjini,
Jumatatu

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu katika jina la Bwana. Natumaini goti lako limepata nafuu na ndama mpya ananyonya vizuri. Mimi mwili ni mzima, roho ndiyo imechoka. Ningepiga simu, lakini kwenye simu hunikatiza uanze kuniombea.

Unayakumbuka yale mabati matatu tuliyosimamisha mimi na wenzangu wa kazini shambani kwako Mitaboni, yameungana kama pembe ya nyumba, mdomo ukitazama juu? Kazi yake ni kurudisha mawimbi ya setilaiti, ili kwenye picha yetu ya rada yaonekane kama nukta moja kali. Nukta ikiwa kali, tunajua picha nzima ni safi. Yetu ikafifia, ikawa doa. Nilichuja chengachenga za picha, nikapiga hesabu upya, nikagombana na Aloys wa meza ya pili mpaka akahamia dirishani. Wapi! Bwana Gichuru, mkubwa wetu, akasema doa lisipotoka kufikia Ijumaa, mkataba wangu umekwisha.

Ndipo ndugu yangu Mulwa akanitumia picha kwa simu, akijisifu kwamba ndama anakunywa maji ya mvua kwenye mabati. Jamani, Mama! Lile tundu la chini tulilitoboa makusudi maji yatoke, kwa sababu yakikaa humo mawimbi hayarudi inavyotakiwa. Mulwa akasema uliliziba wewe, kwa kitambaa na udongo wa kichuguu, ukisema kuacha maji yapotee hapa Ukambani ni dhambi. Nilikasirika sana.

Sasa nikwambie ukweli. Jumatano, ulipokuwa kanisani na akina mama wenzako, nilikuja nyumbani nikalizibua. Mchanga uliyanywa maji yote, na ndama akaja akalamba bati tupu. Nilikuogopa, nikaondoka kabla hujarudi. Kwenye picha iliyofuata nukta iling'aa, na kazi bado ninayo.

Lakini jana Mulwa aliniambia umekataa salamu za jirani yetu Kalunde, ukisema ndiye aliyechota maji yako. Mwaitu, nimeona haya sana. Kalunde hakugusa hata tone. Nenda kwake leo, hata kama hujamaliza kunikasirikia. Mwizi umemzaa wewe.

Msalimie Mulwa, na Kalunde pia mkishapatana. Mungu akulinde.

Ni mimi bintiyo,
Mwelu