Mume Wangu Amekonda, Mavyaa Ataka Avimbe Siku ya Nikaha

Kwako Bi Dhahabu, mshauri mpendwa wa gazeti letu. Baada ya salamu nyingi, nakuomba unishike mkono, maana nimekwama kati ya mume na mavyaa na sina wa kumwambia. Mume wangu Stambuli ni karani wa shehena huko Kipevu, na tangu mwaka jana ana maradhi ya mafigo, yalianza kwa uso kuvimba asubuhi kisha miguu, na wallahi Bi Dhahabu, hatukujua kuwa ni ugonjwa, tulifurahi, watu walisema amenawiri, na mamake, Bi Barke, alikuwa akinisifu kila nyumba ya Mishomoroni kwamba mke wa mwanawe ajua kulisha, mpaka siku aliposhindwa kupanda ngazi kazini kwa kukosa pumzi, akapelekwa hospitali, wakampa dawa akayakojoa maji yote yaliyomvimbisha, na kilichobaki kilikuwa ngozi na mifupa.

Daktari alitwambia kuwa ng'ambo kuna mashine ya kuosha damu ya wagonjwa wa mafigo lakini kwetu haijafika, kwa hivyo mafigo yaliyobaki tuyatunze kwa kuacha chumvi na kupima maji ya kunywa, na nyama iliyoliwa na maradhi aitafute kwa mwendo, atembee kila siku na ainue vitu vyepesi, asilale tu. Stambuli ameshika amri, jioni huteremka kwa miguu mpaka karibu na bandari akarudi, na nyumbani huinua chupa mbili alizozijaza mchanga, majirani wacheke wasicheke, na mimi ninayemkanda naona mikono inaanza kukaza.

Sasa nduguye Mwanabibi anaolewa mwezi ujao, na kwa kuwa baba yao ni marehemu, walii wa kumwoza ni Stambuli. Juzi mavyaa alikuja na kikapu cha papa mkavu na chupa ya achari, akaniambia, "Mwanangu, nikaha i karibu. Watu wa mume wakimwona walii amekonda hivi watasema nyumba hii ina kifua kikuu, na posa itarudi. Mlaze, umpe supu yenye chumvi yake na huyu papa, mashavu yarudi. Ni juma moja tu, kisha mtaendelea na daktari wenu." Nikajibu, "Abee, mama," nikapokea kikapu, na Stambuli mwenyewe asema mama ni mama, lakini namwona akijitazama kwenye kioo. Nikimpa chumvi naogopa nitamuua, nisipompa harusi ikivunjika nitakuwa ndimi niliyeivunja. Hilo juma moja lina dhara kweli? Nijibu upesi.

Mwanaima, Changamwe

JIBU

Bi Mwanaima, juma moja latosha kuua mtu. Umeandika kwa mkono wako kwamba alipojaa mashavu hakuweza kupanda ngazi, kisha waniuliza kama kuna dhara? Jibu unalo, unatafuta mtu wa kulisema. Haya, nalisema mimi: papa yule asipikwe katika chungu cha mumeo.

Nakuonea huruma, na Bi Barke pia simlaumu sana. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na yeye katika umri wake amewaona wengi waliokonda wakaenda na kifua kikuu. Lakini wewe umekosea. Uliitika "abee" mahali pa kusema "hapana, mama", na adabu si kumzika mume.

Usibishane naye. Mwite, umkalishe karibu na mwanawe, umwambie abonyeze mkono wa Stambuli kwa kidole gumba. Nyama ikibonyezwa hurudi. Mkumbushe miguu ile ya mwaka jana, ingebonyezwa shimo lingebaki. Yale aliyoyasifu Mishomoroni nzima yalikuwa maji. Kisha nenda naye hospitali, ayasikie ya daktari kwa masikio yake, na mwombe daktari ampige Stambuli picha ya kifua. Ikitoka safi, mjomba mmoja mwenye heshima aende kwa watu wa mume kabla ya nikaha, aseme wazi: walii ana maradhi ya mafigo, hayaambukizi, na kifua chake ni kizima. Watakaorudisha posa kwa ajili ya mashavu ya kaka, waacheni warudi nayo, Mwanabibi ameokoka.

Jambo jingine, mpeleke kwa fundi ashonewe kanzu ya kumkaa. Mwembamba ndani ya kanzu ya mnene ndiye aonekanaye mgonjwa. Siku ya harusi mpikie sahani yake kando, na pilau ya watu aitazame tu. Matembezi na zile chupa za mchanga aendelee nazo, ila miguu ikivimba au pumzi ikipungua apumzike, na hospitali siku hiyo hiyo.

Na wewe Bwana Stambuli, najua utasomewa haya. Mama ni mama, lakini mafigo ni yako. Mwambie mwenyewe, usimwachie mkeo mzigo huo.

Nikaha haitaki mashavu, Bi Mwanaima. Inataka walii aingie msikitini kwa miguu yake, na awe na pumzi za kutamka "nimekuoza" mpaka safu ya nyuma isikie. Pumzi hizo mumeo anazo leo. Usimnyang'anye.