Kiapo Nilichoapa Nikicheka

Nachingwea, Jumatano

Nimenaswa kama panya kwenye gunia la karanga. Jana Mjomba alinishikisha Msahafu niape kwamba kura yangu ni ya mgombea wake, nami nikaapa huku nacheka. Leo nimemsikia huyo mgombea sokoni. Anasema mjane hana haki ya shamba, na mwanamke kura ya nini.

Dada yangu Zainabu ni mjane. Mikorosho aliyopanda na mumewe kule Lionja, wapwa wa marehemu wameshaichukua. Na kwetu aliyeandikishwa kupiga kura ni mimi tu.

Nikamweleza bosi wangu, yule Myahudi fundi wa matrekta. Akasema, "Dini yetu inatukumbusha kila mwaka kwamba tulikuwa watumwa. Inatukataza kumwonea mjane. Na mimi kura yangu naipiga hivyo."

Nikamtania, "Wewe mzee huna mjomba." Hakucheka.

Nikimwasi Mjomba, posa yangu nani ataipeleka? Kura yenyewe hataiona, lakini Mungu amekisikia kile kiapo...

Jioni nimemwambia Zainabu. Akaendelea kupepeta ufuta wake. "Kaka, kafara ya kuvunja kiapo kwa fukara kama wewe ni kufunga siku tatu. Funga, na mimi nitafunga na wewe."

Siku tatu naziweza. Mjomba ndiye simuwezi. Nimemwambia Zainabu muhogo wa daku uwe mwingi.