Dakika Nne za Ipililo

Jumatatu, 4 Machi

Kompyuta sita, zimewaka nne. Afadhali kuliko wiki iliyopita. Panya wametafuna waya wa ya tano. Juu ya ya sita naweka boksi la chaki. Klabu saa tisa hadi kumi na moja. Wanafunzi kumi na tisa, vumbi, joto.

Nimeandika tena ubaoni kanuni yangu: Ukiweka kitu mtandaoni, kiwe kitu ambacho watu wa kwenu watakitambua. Nimechoka na hawa watoto wanaojifanya wako Dar huku nyuma yao linaonekana shamba la pamba. Nikawaambia nyayo zao za mtandaoni zitafika kwenye usaili kabla yao. Wakanakili. Kunakili wanajua sana.

Minza wa kidato cha nne amerudi kutoka kumzika babu yake, Ipililo. Macho mekundu, lakini kazi anafanya. Anaomba ufadhili wa stashahada ya kompyuta kwenye chuo kimoja cha Mwanza. Msichana mmoja tu kwa mkoa mzima. Fomu inataka anwani ya ukurasa wake waone kazi zake, na barua ya tabia njema kutoka kwa mkuu wa shule. Mwisho wa kupokea ni Ijumaa ya wiki ijayo. Asipoipata, nyumbani kwao ng'ombe wa mahari wameshaanza kutajwa. Ataipata. Nimeamua.

Jumatano, 6 Machi

Leo kila simu katika chumba cha walimu ilikuwa na Minza ndani yake.

Video ya sekunde ishirini. Msichana kavaa koti la mzee na kofia, anachechemea na fimbo mbele ya turubai la msiba, anafoka: "Nani kasema nimekufa? Sijala bado!" Juu wameandika: Mwanafunzi Simiyu amdhihaki marehemu. Ni ukurasa wa udaku, sijui wa nani. Chini yake watu wanamwita shetani. Mchawi. Hana malezi. Mmoja anataka achapwe hadharani.

Mimi nilicheka kwanza. Nikiri hapa, maana chumbani sikukiri. Kwetu Wasukuma mjukuu ni mtani wa babu. Akiwa hai, babu humwita mke wangu. Akifa, mjukuu huvaa nguo zake na kuwasumbua wafiwa mpaka wampe kitu aondoke. Asipofanya hivyo, watu huuliza kama waligombana. Mimi mwenyewe, kwetu Kiloleli, nililala kwenye kitanda cha bibi yangu marehemu nikagoma kutoka hadi nikapewa kuku. Bahati yangu hakuna aliyekuwa na simu.

Halafu kicheko kikaisha. Minza aliiweka mwenyewe, Jumapili, kwenye ukurasa uleule aliouandika kwenye fomu. Nilimwita nikamuuliza alikuwa na akili gani. Akanionyesha ubao.

"Madam, si ulisema kitu ambacho watu wa kwetu watakitambua?"

 

Alhamisi, 7 Machi

Nimemwamuru afute. Amefuta palepale, mbele yangu. Nikajisikia mwalimu hodari.

Mchana nikaelewa nilichofanya. Video yake ilikuwa ya dakika nne, wadaku walikata kipande tu. Anasema kwenye hizo nne bibi yake anacheka mpaka anafuta machozi, analeta kibuyu cha maziwa, "babu" anakunywa, anaridhika, koti linavuliwa. Mwishoni Minza anaweka kichwa mapajani kwa bibi na kulia kweli. Yote hayo nimeyafuta mimi. Mtandaoni zimebaki sekunde ishirini za wadaku tu.

Kwenye simu yake haimo. Simu ina nafasi ya kijiko. Baada ya kuiweka aliifuta ili apate nafasi ya mazoezi ya hesabu. Aliyemrekodi ni binamu yake Malando, mkulima, yuko hukohuko Ipililo. Nimempigia mara tisa. Hapatikani.

Mimi ni mjinga. Naliandika hili ili nisilisahau.

Ijumaa, 8 Machi

Mkuu amekataa kusaini barua. Wilayani wamempigia. Anasema akisaini ataulizwa, na huenda kikao cha bodi kikamsimamisha Minza masomo.

Huyu mkuu ni Msukuma wa Maswa. Mwaka jana, kwenye mahafali, alitusimulia alivyoshuka kaburini kwa babu yake akagoma kutoka hadi apewe mbuzi. Tulicheka wote, yeye zaidi. Leo nilimkumbusha. Akaangalia kalenda ukutani.

"Mwalimu, ile ilikuwa kwetu. Hii imekwenda kila mahali."

Nina hasira naye. Nina hasira zaidi kwa sababu ana pointi.

Kesho naenda Ipililo. Sijamuaga mtu.

Jumamosi, 9 Machi

Basi la asubuhi hadi Maswa, bodaboda hadi Ipililo. Matope hadi magotini. Malando nimemkuta shambani anapiga dawa pamba, simu iko nyumbani haina chaji tangu Jumatatu. Video ipo. Kidogo nimkumbatie na pampu yake ya dawa mgongoni.

Lakini sikuondoka nayo. Nimefanya kosa moja wiki hii, linatosha. Msiba ni wa bibi, nikaenda kumwomba ruhusa.

Amenyolewa, amekaa kwenye mkeka, anachambua choroko. Nikapiga magoti. Nikamwamkia kwa Kisukuma, kama mama: mwangaluka, mayu. Akaitikia, akauliza habari za kwetu, ng'ombe, mvua, watoto. Sikumharakisha. Kisha nikamwonyesha zile sekunde ishirini na kumsomea watu walivyoandika. Yote, hata ya shetani. Niliona aibu kusoma.

Alisikiliza mpaka mwisho.

"Hawa wanaolia hapa, walikuja kuzika?"

Hapana, mayu.

"Sasa wananililia mimi, nimewatuma?"

Akaniagiza nitoe simu yangu nimrekodi. Alijifunga khanga vizuri, akaangalia kioo moja kwa moja, hakusitasita. "Mimi ndiye niliyefiwa. Siku ile chakula kilinishinda. Huyu mtoto akaja na koti la mzee wangu, nikacheka, ndipo nikala. Anayesema amenidharau aje aniulize mimi."

Kilikuwa Kiswahili cha kubangaiza, na kimetosha kabisa. Nikamwonyesha alivyotokea. Akasema mzee angemcheka meno.

Jumapili, 10 Machi

Baada ya ibada Minza na mimi tumekaa kwenye kibaraza cha maabara ya kompyuta. Nilitaka niandike mimi. Nikajizuia. Ameandika yeye, mistari sita: yeye ni nani, utani wa mjukuu na babu ni nini, alikosea wapi. Alikosea, anasema, kudhani kila anayetazama ameshawahi kukaa kwenye msiba wa Kisukuma. Nikarekebisha nukta mbili tu.

Ameweka dakika zote nne, na maneno ya bibi mwisho. Jina lake kamili, jina la shule halipo. Kisha tumengoja. Hakuna kitu. Watu wanne, mmoja ni Malando.

Jumanne, 12 Machi

Imeanza kutembea. Wasukuma wameamka. Mtu wa Mwandoya anaeleza alivyompora shangazi yake sufuria msibani. Wengine wanaleta utani wa kwao, wa makabila mengine. Matusi bado yapo, mengi. Minza anajibu yale yenye swali, yasiyo na swali anayaacha. Hilo sikumfundisha mimi.

Ukurasa wa udaku haujaondoa chochote. Sikutegemea.

Alhamisi, 14 Machi

Imebaki kesho tu. Nimeingia kwa mkuu saa mbili, nikaweka simu mezani mbele yake, nikakaa bila kukaribishwa. Niliazimia kukaa hapo hadi jioni.

Aliangalia dakika zote nne. Akarudia. Kwenye maziwa alivua miwani.

"Mimi walichelewa kuleta mbuzi," akasema. "Nililala mle ndani mpaka nikaanza kulia."

Akasaini. Akaniambia wilayani atapiga mwenyewe. Sikumshukuru vya kutosha, nilikuwa nakimbilia basi la vifurushi liifikishe fomu Mwanza.

Jumatano, 3 Aprili

Minza amerudi kutoka usaili Mwanza. Jambo la kwanza aliloulizwa ni video. Wameziona zote mbili, ndefu na fupi. Anasema aliwaeleza kama alivyoandika, kisha wakamuuliza mambo ya kompyuta kwa saa nzima. Hapo sikuwa na wasiwasi.

Jumapili, 7 Aprili

Mvua tangu asubuhi. Barua ya chuo ilikuja juzi, jina lake limo. Baba yake amenyamazia habari za ng'ombe, kwa sasa.

Kanuni ya ubaoni nimeifuta. Nimeandika nyingine: Anayetazama hakuwepo. Mweleze.

Mchana bibi alipiga kwa simu ya Malando. Hakuuliza sana habari za chuo. Aliuliza wale watu wa kwenye simu bado wanalia.

Nikamwambia wamepungua, lakini wapo.

"Basi wapewe maziwa," akasema, "waende."