Kamba ya Kuku Wageni

Mke mwenzangu mpendwa, Mama Wekesa,

Kuku wako ameua. Nimeona nikwambie mwenyewe kabla hujaisikia huko uliko kutoka kwa mtu mwingine, maana najua vile ulimpenda huyo Matroni wako na najua ungemtetea. Usimtetee. Kazi yake nimeiokota kwa mikono yangu hii, manyoya kando, nyama kando.

Uliponiachia hao kuku ukiwa kitandani ulinishika mkono ukasema, "Wasiishe. Hapa kukikosa kuku, watasahau nilikaa hapa." Basi walikuwa wanaisha. Ugonjwa uliwapitia wakati wa mvua, nikabaki na Matroni na wazee wenzake wachache ambao hawatagi tena, wanakula tu na kulala kwenye jivu. Nikaona nikiendelea kukaa nitabaki na banda tupu, na wewe utakuwa umekufa mara ya pili. Nikaenda Moi's Bridge siku ya soko, nikarudi Langas na kuku wanne wachanga, wekundu, wa miguu safi. Ungewapenda.

Kisha nikafanya vile tunafanya siku zote, vile mama yangu alifanya na vile wewe mwenyewe ulifanya. Kuku mgeni anafungwa kamba mguuni, kwa nguzo ya jikoni, mpaka ajue nyumbani ni wapi. Mume wetu ndiye alinikatia kamba. Nikawamwagia mahindi, nikawawekea maji kwa sufuria ile iliyotoboka ukingo, nikaenda town kutafuta dawa ya minyoo. Niliwaacha wamefungwa katikati ya uwanja wa Matroni, na roho yangu ilikuwa imetulia kabisa.

Niliporudi wawili walikuwa wamekufa. Mmoja alikuwa ametobolewa chini ya mkia, matumbo yamevutwa na kuburutwa kwenye vumbi mpaka karibu na tangi la maji, na hao wazee wako wa kulala jivuni walikuwa wanayagombania kwa nguvu ambazo sijawahi kuziona kwao. Wa pili hakuwa na macho. Wa tatu alikuwa hai, lakini ngozi ya kichwa ilikuwa imetoka, mfupa uko nje, na alikuwa amejizungusha kwenye nguzo mpaka kamba ikaisha. Alikuwa anavuta tu mguu, anavuta. Wa nne alikuwa amejibana nyuma yake. Matroni akapanda mgongoni mwa huyo wa kichwa, mimi nikiangalia, akamdonoa palepale penye damu, bila haraka, kama wewe ukitwanga njugu.

Kikapu sikukiweka chini, nilikitupa. Nilimshika huyo shetani kwa mabawa, akanirarua mkono hapa juu ya saa, na bado panauma. Nikamlaza kwenye gogo la kupasulia kuni, nikamkanyaga bawa, nikainua panga. Nilikuwa namtukana kwa sauti, na majina niliyokuwa namtukana nayo yalikuwa yako.

Ndipo nikakukumbuka, kwa sababu hilo gogo ni lilelile.

Unakumbuka vile nilikuja? Hukunisalimia. Nilibisha hodi jikoni na sahani ya chapati, nikiwa msichana wa watu, ukanipiga mdomoni na mwiko wenye ugali moto. Jino likatoka. Ukaniambia nilimeze nisikuchafulie jikoni. Na mimi sikuwa malaika, siku iliyofuata nilikuuma bega mpaka nikaonja damu, na hiyo alama umezikwa nayo. Ulinimwagia maji ya kunde. Nilikuvuta nywele zikabaki mkononi. Majirani walikuwa wanatoka na stuli zao kutuangalia, na mume wetu akirudi jioni alikuwa anaosha uso na kuuliza chakula kiko wapi.

Halafu ile asubuhi ya gogo. Ulinibwaga shingo ikalala palepale, goti lako kifuani, kisu cha kukatia sukuma wiki kooni. Ulikuwa mzito, Mama Wekesa. Pumzi zangu zilikuwa zinaisha. Nikakuambia, "Niache niende."

"Si uende," ukasema. "Kwani nani amekushika?"

"Geti imefungwa."

"Na ufunguo wako?"

"Sina. Baba Wekesa anaenda nao kazini. Alisema mpaka nizoee boma."

Kisu kikasimama. Wewe ulikuwa na wako, siku zote unaning'inia shingoni na ile kamba ya kiatu, na ulidhani nina wangu. Ulidhani kila asubuhi naamka hapo kwa kiburi, eti nimekataa kuondoka, ndiyo maana ulikuwa unaongeza kipigo. Ulitoka kifuani pangu ukakaa chini kwenye vumbi, ukacheka kile kicheko chako kibaya. "Kumbe," ukasema, "amekufunga ndio nikumalize."

Jioni ulimngojea getini na mchi. Sitaandika yote, watoto wetu wanaweza kusoma hii barua, lakini yule mtu alilala kwa jirani na alikula uji kwa wiki nzima. Ufunguo wake ukaniletea ukiwa na damu. "Enda," ukaniambia. "Ukirudi, rudi na miguu yako mwenyewe."

Nilienda kwa shangazi yangu kule Chepsaita. Nikala, nikalala bila kushtuka. Halafu nikarudi, na hata leo siwezi kukueleza vizuri ni kwa nini. Nilikuta umeniwekea chai. Tulipigana tena, wewe unajua tulipigana, lakini nilikuwa najua njia ya kutoka na wewe ulijua kwamba najua. Mkono wako ukawa mwepesi. Mwisho wa yote ni mimi nilikuwa nakuogesha, na ulikuwa unalalamika maji ni baridi.

Basi nimesimama hapo na panga juu, na Matroni ananiangalia na hilo jicho la rangi ya chungwa, haombi msamaha. Nikamwachilia. Panga nikaliteremsha kwa kamba za wageni, zikakatika.

Wale wawili waliobaki walikimbia. Matroni nyuma yao, wazee nyuma ya Matroni, vumbi na kelele boma nzima, mpaka wageni wakaruka juu ya mabati ya ua wakaangukia kwa jirani, Mama Shiru. Alitokeza kichwa akasema, "Hao wameenda, Mama. Tafuta wengine." Nikakaa kwenye gogo nikalia. Niliwalilia kuku, nikakulilia na wewe, nikaona ile ahadi yako nimeivunja na panga langu mwenyewe.

Jioni, wakati wa kuku kuingia, wale wageni wawili walirudi, wakapita kwenye kile kitundu chini ya mabati. Wa kichwa alitangulia. Matroni alimdonoa, naye akaruka pembeni, akazunguka tangi, akarudi kwenye mahindi. Akadonolewa, akaruka, akarudi. Wamelala kwenye fito moja na Matroni, mbali kidogo. Kichwa nimempaka dawa na kinaanza kukauka.

Sasa nikwambie lililonifanya nikuandikie. Mume wetu anaoa. Na uzee wake wote na hilo goti lake. Msichana anatoka upande wa Turbo, rika la binti yetu wa pili, na anakuja Jumamosi. Jana mume wetu alimaliza chai, akaniwekea ufunguo wa geti kwenye meza, akasema, "Utafunga. Mpaka azoee." Alisema hivyo mbele yangu, mimi ambaye sina jino.

Usidhani nimekuwa mtakatifu. Namchukia huyo msichana na sijamwona. Mwiko wako bado uko pale ulipouacha, na mara mbili leo nimeugusa nikaujaribu uzito. Nimekasirika, na hasira nyingine ni yako wewe, kwa kuniacha peke yangu na huyu mtu na bila kuniambia ule mchi uliuficha wapi.

Lakini leo asubuhi nimeenda town kwa fundi wa funguo, akanichongea mwingine. Nimeutia kamba ya kiatu. Jumamosi huyo msichana akiingia, kabla ya chai, kabla hajauliza choo kiko wapi, nitamvisha shingoni.

Halafu ndio tupigane.

Pumzika, mkubwa wangu. Kuku hawajaisha.

Mdogo wako,
yule wa jino.