Kashata Hajapata Choo

Jumanne, 23 Septemba

Nimerudi kutoka sokoni Katonga saa nne, dagaa wangu wote wamenunuliwa. Dawa ya Kashata, sungura wangu, nimempa kwa bomba la sindano, akanitemea nusu. Siku ya pili tangu ahasiwe. Mshono mkavu. Daktari wa mifugo alisema nitazame choo: sungura aliyepasuliwa akipitisha siku nzima bila choo, utumbo umesimama, huyo anakwenda.

Nimetazama boksi lake la choo. Safi. Gazeti kama nilivyolitandika.

Wifi alikuwa hapo hapo ukumbini, anasali. Hatusemezani tangu Kashata alipoukojolea mkeka wake wa sala. Ahasiwe au atoke, alisema, na yeye kitu cha mnyama huyo hagusi. Nyumba ni ya kaka yake, marehemu mume wangu. Lakini Kashata naye aliletwa na marehemu huyo huyo, kutoka Kalinzi, mwezi mmoja kabla hajatutoka. Kuhasi nimekubali. Kumtoa, sitoi ng'o.

Jumatano, 24 Septemba

Boksi safi. Hamna hata punje moja.

Lakini matembele niliyomwachia alfajiri hayapo. Kama kala, choo kiko wapi? Hakula. Kuna mtu kayatupa ili nidhani anakula, nisihangaike na daktari. Na tuko wawili tu humu ndani.

Nimempigia daktari. Yuko milimani kwenye ng'ombe, atashuka Jumamosi. Kasema nimsugue tumbo, nimpe maji. Nimesugua mpaka mkono ukaingia ganzi.

Jioni wifi alikuwa uani na jirani. Kwa sauti ya kunifikia mimi, akasema mnyama akizidiwa anawahiwa kisu, asije akafa kibudu ndani ya nyumba ya watu. Loo! Kumbe ndilo analolingoja. Chakula sikukigusa.

Alhamisi, 25 Septemba

Safi tena.

Katonga nimekwenda mwili tu. Nimerudi mbio. Maji yake nimeyanusa, nimeyaonja, nimeyamwaga. Wifi kanipita, kabeba ndoo, uso mkavu. Mtu asiye na kosa angeuliza mgonjwa anaendeleaje.

Kashata kajikunja pembeni, macho nusu. Nimelia. Halafu nimefanya nililoapa sitafanya: nimemwita Mzee Kasimu, anayetuchinjia kuku. Afadhali kisu kuliko utumbo umuue polepole.

Mzee kaja, kanoa kisu. Nikampakata Kashata, moyo wake unapiga kwenye kiganja changu. Adhana ya adhuhuri ikasikika. Wifi akaingia ukumbini na fagio na kizoleo, akatukuta.

"Kwani kafanya nini?" Neno lake la kwanza kwangu tangu mkeka.

Nikamjibu kwa ukali kwamba siku ya tatu mnyama hajapata choo, na yeye anajua sababu.

"Hajapata choo? Huyu? Mbona kila nikitaka kusali nazoa! Leo asubuhi kizoleo kizima!"

Nikamwambia si alisema hagusi. "Sasa nisali juu ya mavi, wifi?"

Kanipeleka nyuma ya choo cha uani. Rundo. Vidonge vikavu, na vingine bado vibichi, vya leo. Magazeti alikuwa anabadilisha, kila wakati wa sala, na mimi niko Katonga au nimelala. Mzee Kasimu kacheka mpaka kisu kikamdondoka. Mimi sikucheka. Nimekaa chini palepale na sungura wangu mikononi. Wifi aliyesema kisu hakukiita. Nilikiita mimi.

Ijumaa, 26 Septemba

Kashata kala matembele, kala na ukindu wa mkeka. Nimeona aibu kutoka chumbani.

Jumapili, 28 Septemba

Daktari alikuja jana. Utumbo mzima, mshono umefunga.

Radhi bado sijamwomba wifi. Tangu juzi nalipanga neno, nikimwona linaniganda mdomoni. Leo nimerudi Katonga, nimemkuta uani anachambua mchele. Nikaleta samaki, migebuka miwili, nikaiweka karibu yake. Nikamuuliza tu, "Leo amepata choo?"

Hakuinua kichwa. "Amepata. Sijazoa. Nimekuachia uone."

Nimeingia ukumbini. Vidonge vipo, kwenye gazeti na hadi katikati ya sakafu, pale wifi anaposalia. Mkeka haupo. Kautandika chumbani kwake.